Kona ya Juu, Kulia

Mashine yangu ya fotokopi, hapa Keko Machungwa,
inakula kona.
Ya juu, kulia, upana wa vidole viwili.
Fundi ameifungua mara tatu, akanywa chai yangu mara tatu,
akasema ndivyo ilivyoumbwa.
Barua ya mtendaji haidhuriki. Mtihani wa darasa la nne haudhuriki.
Ila kwenye nota za kwaya, kona ile
ndipo mtunzi anapoketi na jina lake.

Kwa hiyo ukiniuliza nampenda mtunzi gani
siwezi kukutajia. Nawajua kwa tabia,
kama unavyomjua mpangaji mwenzio kwa kandambili zake
akienda kuoga saa kumi na moja alfajiri.

Yupo anayetupa sisi alto so moja, mistari minne,
so, so, so, kistari, so,
tumesimama kama mtu aliyeambiwa ashike mlango
harusi yote ipite.
Yupo mwenye haraka: soprano hawajafunga midomo,
besi wameshaingia na viatu vya matope.
Yupo yule wa Ujerumani, wa miaka mia tatu huko nyuma,
Baha, anavyomwita Mama Eufrasia,
ambaye sauti zake nne ni watu wanne
wanaoshusha kabati ngazini:
kila mmoja na hatua yake, na kabati haligusi ukuta.
Huyo namheshimu.
Kumpenda ni habari nyingine.

Ninayempenda ana karatasi moja tu.
Ilifika ikiwa nakala ya nakala, kona haina,
mistari kumi na sita, maneno machache:
Bwana, taa imezimika, nijibu humuhumu gizani.
Mstari wa tisa wengine wote wananyamaza.
Tunabaki sisi, washika mlango,
tunapanda la, ti, do,
halafu ta,
nusu ngazi chini ya pale mguu ulipotegemea.
Kila mara tumbo linashtuka.
Miaka sita, na bado linashtuka.

Mwalimu Sabasi alishaamua: "Hii ni ya Ulaya.
Mswahili hawezi kuacha nafasi tupu namna hii,
angeijaza na haleluya."
Basi tukaiimba kwa adabu ya ugenini,
midomo mviringo, mikono nyuma.

Juzi Jumanne, umeme umerudi saa nane mchana,
akaingia mzee Fulgensi Kapinga wa besi ya pili,
karani mstaafu wa mizani ya malori bandarini,
mtu asiyekohoa hata mazoezini.
Akaweka daftari la hesabu juu ya kaunta.
"Nitolee moja. Wananiambia ya kwayani imefifia."

Penseli.
Mstari wa tisa ufutio umetoboa karatasi.
Ta imeandikwa, imefutwa, imeandikwa,
pembeni yake tani za saruji zimejumlishwa
na jumla imekosewa.
Na kona, ya juu, kulia, nzima kabisa:
F. Kapinga. Kurasini. Usiku, foleni haisogei.

Nikamtazama. Yeye akatazama bei ukutani.
Mashine ikavuta, ikatema, ikala ilichozoea kula.
"Nikuandikie jina kwa kalamu?"
"Acha," akasema. "Wakijua ni mimi
wataanza kuirekebisha."
Akalipa mia mbili, akasubiri chenji yake.

Jumapili Mwalimu Sabasi akainua mkono:
"Kizungu, jamani, kizungu."
Tukafika mstari wa tisa. Nilichelewa robo pigo,
nikakonyezwa na Mama Eufrasia.
Nilikuwa nasikiliza nyuma,
kule ambako besi hawana kazi, wanahesabu tu kimya,
na mtu mmoja
alikuwa anavuta pumzi asiyoihitaji.